Ugonjwa uko tumboni, kwa nini kichwa nacho kinasumbuka?

Mtu mwenye tumbo la kusumbua hakosi washauri. Jirani atamwambia aache maharage, shangazi atamletea dawa ya mizizi, na mwisho wa yote atatokea wa kumwambia: "Punguza mawazo." Kwa anayeumwa kolaitisi ya vidonda au ugonjwa wa Crohn, magonjwa mawili ambayo kinga ya mwili inaushambulia utumbo, ushauri huo unauma kwa namna yake, kwa sababu una ukweli ndani yake ila umekaa kichwa chini miguu juu. Mawazo na utumbo vina uhusiano, hilo halina ubishi. Lakini katika magonjwa haya mara nyingi utumbo ndio unaoanza kuuchokoza ubongo, na njia unazopitia zinaweza kupimwa kwenye damu na kuonekana kwa hadubini.

Waliokosea si majirani peke yao. Mwaka 1930 daktari wa Marekani aitwaye Cecil Murray aliandika kwamba kolaitisi ya vidonda, pamoja na kuhara damu kunakoandamana nayo, inaanzia kwenye misukosuko ya nafsi. Kufikia 1950 Franz Alexander, mtaalamu wa uchambuzi wa nafsi mjini Chicago, alikuwa ameiweka kwenye orodha ya magonjwa saba aliyoamini yanatokana na migogoro ya ndani ya mtu, sambamba na pumu, shinikizo la damu na vidonda vya tumbo. Wagonjwa wanaotoka damu wakawa wanahojiwa kuhusu mama zao. Halafu mwaka 1955 Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford wakachapisha matokeo ya jaribio lao la kotizoni: waliopewa dawa walipata nafuu wengi zaidi kuliko waliopewa kifanano kisicho na dawa ndani. Kotizoni haijui habari za utoto wa mtu. Kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili.

Nadharia ya nafsi ilififia polepole baada ya hapo, lakini ikaacha hasara ya pili. Madaktari wa tumbo waliofuata, kwa kuogopa kurudia makosa ya wazee wao, waliacha kabisa kumuuliza mgonjwa hali ya akili yake. Ilichukua miongo kadhaa swali hilo kurudi kliniki, safari hii likiwa limegeuzwa: utumbo ukiwaka, kichwani kunatokea nini?

Magonjwa yenyewe

Tuweke mipaka kwanza, maana neno "tumbo" kwetu linabeba mengi. Hapa hatuzungumzii vidonda vya tumbo vinavyosababishwa na bakteria au dawa za maumivu. Wala hatuzungumzii tumbo linalosokota na kujaa gesi huku vipimo vyote vikionyesha utumbo mzima, ingawa na hilo lina mambo yake na ubongo. Tunazungumzia mchochota sugu wa utumbo: kinga ya mwili inaushambulia ukuta wa utumbo, ukuta unavimba, unachubuka, unatoka damu, na shambulio halina mwisho wa kawaida kama lingekuwa la kuhara kwa wiki moja. Linatulia miezi, linaamka tena.

Kolaitisi ya vidonda inakaa kwenye utumbo mpana, ikianzia njia ya haja kubwa na kupanda juu, na inachubua utando wa ndani. Ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn wa hospitali ya Mount Sinai, New York, aliyeueleza na wenzake wawili mwaka 1932, unaweza kutokea popote kuanzia mdomoni, ingawa unapenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba, na unazama kupita tabaka zote za ukuta.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, alijijengea jina kwa hoja kwamba magonjwa mengi ya utumbo yanayoitesa Ulaya hayaonekani Afrika kwa sababu ya vyakula vyetu vyenye nyuzi nyingi. Huenda alikuwa na hoja. Lakini ugonjwa unaohitaji kamera ya kuingizwa kwenye utumbo mpana ili ugunduliwe hauwezi kuonekana pasipo na kamera. Mtu wa Mwanza anayeharisha damu atatibiwa amiba, kisha taifodi, kisha kichocho, na mara nyingi ni sahihi kuanza na hayo kwa sababu yapo na ni mengi. Kifua kikuu cha utumbo nacho kinafanana na Crohn mpaka mtaalamu mwenye uzoefu anasita. Kuchanganya hivi viwili ni hatari kweli kweli: dawa za kushusha kinga zinazomsaidia wa Crohn zinaweza kumsambazia mwenye kifua kikuu ugonjwa wake mwili mzima.

Miaka hiyo ya kuzunguka na vyeti vya maabara kutoka kituo hadi kituo ina madhara yake kichwani, kabla hata hatujafika kwenye kemia.

Ukubwa wa tatizo

Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2021, uliokusanya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali, ulikuta takriban theluthi moja ya watu wenye magonjwa haya wana dalili za wasiwasi uliopita kiasi, na robo wana dalili za sonona. Kinachonivutia zaidi ni mgawanyo wake. Katika tafiti zilizotenganisha hali mbili za ugonjwa, ukiwa umeamka waliokuwa na wasiwasi walifika asilimia 57.6, ukiwa umetulia walikuwa asilimia 38.1. Kwa sonona, asilimia 38.9 dhidi ya 24.2.

Takwimu hizo zinasema mambo mawili yanayovutana. Mchochota unapopanda, hali ya akili inashuka, kwa hiyo kuna kitu kinachofuatana na moto wenyewe. Lakini hata moto ukizimika, wengi bado hawako sawa, kwa hiyo kuna kingine kinachobaki nyuma. Maelezo ya aina moja hayatoshi kueleza yote mawili.

Sehemu ya jibu haihitaji maabara. Chukua basi la usiku la Dar es Salaam kwenda Mwanza. Abiria wengine wanagombea siti ya dirishani. Huyu anawaza dereva atasimama wapi kuchimba dawa, kutakuwa na kichaka au choo, na kondakta atamjibu nini akiomba kushuka kabla ya hapo. Hajala tangu jana mchana ili tumbo liwe tupu. Kwenye begi ana nguo ya kubadilisha iliyofungwa kwenye mfuko mweusi, na hakuna hata mmoja nyumbani anayejua kwa nini. Harusi, misa, swala ya Ijumaa, usaili wa kazi: kila mwaliko unaanza na swali la choo kiko wapi. Ubongo unaoishi hivyo miaka mitano unajifunza kulisikiliza tumbo muda wote, na ukishajifunza hauachi kirahisi. Msukumo mdogo wa gesi ambao wewe na mimi hatuusikii, yeye anausikia kama maumivu, hata kama ukuta wa utumbo umepona. Neva za maumivu na sehemu za ubongo zinazozipokea zimeongezwa sauti, na hakuna aliyerudi kuipunguza.

Njia ya damu

Ila tukiishia kwenye shida za maisha tutakuwa tumerudi kwa jirani na ushauri wake. Kuna njia za kimwili, na ya kwanza ni damu.

Seli za kinga zinazopigana kwenye utumbo zinawasiliana kwa protini ndogo zinazoitwa saitokini. Zilizo maarufu zaidi katika magonjwa haya ni TNF, interlukini-1 na interlukini-6. Zinaingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima. Ubongo una kizuizi kati yake na damu, lakini ujumbe unapita: saitokini chache zinavushwa, nyingine zinaziamsha seli za kuta za mishipa ya damu, nazo zinapeleka habari ndani. Humo, seli za ulinzi za ubongo, maikroglia, zinabadilika tabia.

Matokeo yake aliyewahi kufuga ameyaona. Kuku aliyeshikwa na mdondo anajikunyata pembeni, mabawa yamelegea, hali, hachakuri. Mbuzi mgonjwa anajitenga na kundi. Mwaka 1988 Benjamin Hart, daktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, alitoa hoja kwamba hiyo si dalili ya kushindwa: ni mpango wa mwili wa kuokoa nguvu ili zote ziende kwenye mapambano. Homa, kukosa hamu ya kula, usingizi mwingi, kutotaka watu. Kwa mafua ya siku tatu mpango huo una maana. Kwa mchochota usioisha kwa miaka, mwili unabaki umeung'ang'ania mpango uleule, na ukimtazama mtu huyo kutoka nje hutaona tofauti kubwa na sonona.

Kwamba saitokini zenyewe zinaweza kuleta sonona tulijifunza kwa njia isiyopendeza. Kabla ya dawa za kisasa za homa ya ini aina ya C, wagonjwa walichomwa sindano za intaferoni-alfa, ambayo ni saitokini, kwa miezi mingi. Si wachache kati yao walioanguka kwenye sonona nzito, wakiwamo watu ambao hawakuwahi kuwa nayo kabla.

Kuna maelezo ya kikemia kwa sehemu ya jambo hilo. Ubongo unatengeneza serotonini yake, kemikali inayosaidia kuweka sawa hali ya moyo, kutokana na triptofani, kirutubisho tunachokipata kwenye mayai, maziwa, samaki na jamii ya kunde. Mchochota unawasha kimeng'enya kinachoigeuza triptofani kuelekea njia nyingine, ya kainurenini, ambako baadhi ya mazao yake yanaziudhi seli za neva.

Hapa nitoke kando kidogo, maana intaneti inapenda sentensi moja: "asilimia 90 ya serotonini iko tumboni, kwa hiyo furaha hutengenezwa tumboni." Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili ni ya kuuzia vidonge. Serotonini ya utumbo haivuki kizuizi cha ubongo. Kazi yake ni kuusukuma utumbo na kuchokoza neva zilizo jirani. Ubongo unajipikia yake.

Mlango uliofungwa Milan

Utafiti mmoja unastahili kutazamwa kwa karibu. Ulichapishwa 2021 kwenye jarida la Science na kundi la Maria Rescigno wa Chuo Kikuu cha Humanitas, Milan. Panya waliwekewa kwenye maji yao ya kunywa kemikali inayochubua utumbo mpana, njia ya kawaida ya maabara ya kuiga kolaitisi. Watafiti walikuwa wameshaonyesha miaka ya nyuma kwamba mishipa ya damu ya utumbo ina kizuizi chake, na kwamba kikilegea, vitu kutoka kwa bakteria vinavuja kuingia kwenye damu. Sasa walitaka kujua ubongo unapokeaje uvujaji huo.

Walitazama koroidi, vishada vya mishipa vilivyomo ndani ya vyumba vya ubongo, ambako maji ya ubongo hutengenezwa. Mishipa ya pale kwa kawaida ina upenyo: molekuli za wastani zinapita. Mchochota wa utumbo ulipoanza, mlango ule ulifungwa, na molekuli zenye rangi walizozidunga kwenye damu hazikupita tena. Ni kama mlinzi anayefunga geti kwa sababu nyumba ya jirani inaungua: wezi hawaingii, lakini na mwenye kuleta mboga naye anabaki nje.

Wangeweza kuishia hapo na kusema ubongo umejilinda. Lakini walifanya jambo la ziada. Walichukua panya wazima, wasio na mchochota wowote, wakazibadilisha chembe za urithi kwenye seli za mishipa ili geti lijifunge. Panya hao wakawa wasahaulifu wa mambo ya karibuni na wakaonyesha tabia za woga. Utumbo wao ulikuwa salama kabisa. Kwa maana hiyo kufungwa kwa geti peke yake, bila maumivu wala kuhara, kulitosha kuharibu kumbukumbu na utulivu. Panya si watu, na hakuna aliyekwisha kuonyesha mlolongo wote huo ndani ya binadamu mwenye Crohn. Hata hivyo mgonjwa anayesema "tangu tumbo liamke, akili yangu imekuwa nzito" ana haki ya kusikilizwa kama mtu anayeeleza dalili, na si kisingizio.

Njia ya neva, na ile ya bakteria

Njia ya pili ni ya waya. Neva ya vegasi inashuka kutoka kwenye shina la ubongo, inapita shingoni na kifuani, inatawanyika tumboni. Watu wengi hudhani ubongo unaitumia kuamrisha. Kwa kweli karibu asilimia 80 ya nyuzi zake zinapeleka habari juu, kutoka kwenye viungo kwenda kwenye ubongo. Utumbo wenyewe una mtandao wa neva mamilioni kwa mamilioni ndani ya ukuta wake, unaoweza kusukuma chakula bila kuuliza ubongo, na mtandao huo unaishi palepale vita inapopiganwa.

Vegasi pia inashusha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kevin Tracey na wenzake katika jimbo la New York walionyesha kwamba kuichochea neva hii kwa umeme kunapunguza TNF kwa wanyama. Bruno Bonaz wa Grenoble, Ufaransa, akaipeleka hoja hiyo kwa wagonjwa wa Crohn: mwaka 2016 alitoa taarifa ya watu saba waliopandikizwa kifaa, watano wakiwa na nafuu baada ya miezi sita. Watu saba ni wachache mno na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Nakitaja kwa sababu ya wazo lililomo, na si kwa kukupeleka ukatafute kifaa.

Kuhusu bakteria nitakuwa mfupi. Wenye magonjwa haya wana bakteria wa aina chache zaidi utumboni kuliko watu wazima wa afya, na hasa wamepungukiwa na wale wanaochachusha nyuzi za chakula na kutoa butireti, ambayo inalisha ukuta wa utumbo na kutuliza kinga. Kwamba upungufu huo unagusa ubongo kumeonyeshwa vizuri kwa panya, lakini kwa watu ushahidi ni hafifu. Anayekuuzia kopo la bakteria akidai litakuondolea sonona ya Crohn anauza kuliko anavyojua.

Kurudi chini

Sasa ile chembe ya ukweli kwa jirani. Njia ni ya kwenda na kurudi. Wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia lakini wana wasiwasi mkubwa wamefuatiliwa kwa miaka, na wameonekana kurudiwa na mashambulizi zaidi ya wenzao watulivu.

Kwa nini? Kundi la Christoph Thaiss wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilitoa jibu zuri mwaka 2023, tena kwa panya. Msongo wa muda mrefu unazifanya tezi za juu ya figo zitoe homoni za jamii ya kotizoli. Msomaji makini atashtuka: si hizo ndizo ndugu wa prednisoloni, dawa yenyewe ya kutuliza mchochota? Ndizo. Zikija kwa muda mfupi zinatuliza. Zikikaa muda mrefu, zinazibadilisha seli walezi wa neva za utumbo, nazo zinaanza kuziita seli za kinga zinazotoa TNF. Palepale neva za utumbo zenyewe zinashindwa kukomaa, na utumbo unasukuma vibaya.

Kundi jingine, la Asya Rolls, wakati huo akiwa taasisi ya Technion mjini Haifa, lilifanya jaribio ambalo nilipolisoma nililirudia kuhakikisha nimeelewa. Wakati panya wana kolaitisi, watafiti walizitia alama seli za neva zilizokuwa zikifanya kazi kwenye insula, sehemu ya ubongo inayohisi hali ya ndani ya mwili. Wakawaacha wapone. Baadaye wakaziamsha seli zilezile tu. Mchochota ukarudi kwenye utumbo, bila kemikali yoyote kwenye maji. Ubongo ulikuwa umehifadhi kumbukumbu ya ugonjwa na uliweza kuicheza upya.

Kwa hiyo msongo unaweza kuuamsha ugonjwa uliopo. Kuuanzisha kwa mtu asiye na mwelekeo wa kurithi, kinga iliyopotoka na mazingira yake ni jambo jingine, na ushahidi wake haujaonekana. Tofauti hiyo ndiyo inayomwondolea mgonjwa lawama.

Uchovu, na mambo yanayotibika

Ukimuuliza mgonjwa kinachomkera zaidi, mara nyingi hatasema kuhara. Atasema uchovu: ule wa kuamka asubuhi kama hukulala, wa kusoma ukurasa mmoja mara tatu, wa kusahau kilichokupeleka jikoni. Karibu nusu ya wagonjwa wanaulalamikia, hata ugonjwa ukiwa umetulia. Vipimo vya akili vinapofanywa, upungufu unaoonekana kwenye umakini na kumbukumbu ya muda mfupi kwa kawaida ni mdogo. Hauonekani kwa mtu wa nje, lakini mhasibu au mwanafunzi wa kidato cha sita anausikia.

Hapa ndipo daktari anaweza kufanya kazi ya maana kwa vipimo vya kawaida, na inasikitisha jinsi vinavyosahaulika.

Chuma. Utumbo unaovuja damu kila siku unaimaliza akiba. Mgonjwa anapewa vidonge vya chuma, anavimeza miezi mitatu, damu haipandi, analaumiwa kwamba havimezi. Lakini interlukini-6 inaliamsha ini kutoa hepsidini, homoni inayoufunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Ugonjwa ukiwa umeamka, kidonge kinapita na kutoka, na wakati mwingine kinauchokoza utumbo zaidi. Chuma cha kwenye mshipa kinaupita mlango huo. Ubongo nao unakihitaji chuma kutengenezea dopamini, kemikali ya ari na umakini, kwa hiyo tatizo haliishii kwenye kupauka macho.

Vitamini B12 inafyonzwa mwisho wa utumbo mwembamba, palepale Crohn inapopenda kukaa na palepale daktari mpasuaji anapokata. Ini lina akiba ya miaka, ndiyo maana dalili zinakuja wakati upasuaji umeshasahaulika: ganzi za miguu, kuyumba gizani, usahaulifu, hasira zisizo na sababu. Ikichelewa, ganzi inaweza isiondoke. Tiba ni sindano, na si ghali.

Kisha dawa zenyewe. Prednisoloni inakosesha usingizi, inaweza kumpandisha mtu furaha isiyo ya kawaida kisha kumwangusha, na kwa dozi kubwa wachache huona na kusikia yasiyokuwepo. Familia ikikimbilia kwa mganga kwa sababu "amerogwa", tarehe ya kuanza dawa ndiyo ya kuangalia kwanza. Metronidazo, ambayo mtaani wote tunaiita Flagyl, hutumiwa kwa miezi kwa wenye Crohn wenye mifereji ya usaha. Ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta ganzi za mikono na miguu, na mara chache kizunguzungu na ulimi kuwa mzito. Kwetu inanunuliwa dukani kama pipi, na mwenye tumbo sugu huenda ameshaimeza kwa miaka kabla hajapata jina la ugonjwa wake.

Usingizi usisahaulike. Anayeamka mara nne usiku kwenda chooni ana ubongo wa mtu aliyekeshea msiba, kila siku.

Ya miaka mingi, na ya dharura

Denmark ina kumbukumbu za afya za taifa zima, na utafiti wa wagonjwa zaidi ya 76,000 kati ya 1977 na 2014 ulikuta kwamba waliokuwa na magonjwa haya walipata ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, kwa asilimia 22 zaidi ya wengine. Wanasayansi hawakushangaa sana: chembe ya urithi iitwayo LRRK2 inahusika na Parkinson na pia na Crohn, na Heiko Braak wa Ujerumani alishapendekeza mwaka 2003 kwamba huenda Parkinson kwa baadhi ya watu inaanzia tumboni na kupanda na vegasi. Taiwan, utafiti wa wagonjwa 1,742 wenye umri wa miaka 45 na kuendelea ulikuta asilimia 5.5 walipata ugonjwa wa kusahau wa uzeeni dhidi ya asilimia 1.4 ya wenzao, na waligunduliwa wakiwa na wastani wa miaka 76 badala ya 83.

Ukisoma hayo usiku utakosa usingizi, kwa hiyo yapime. Ongezeko la asilimia 22 juu ya kitu ambacho watu wachache wanakipata bado ni watu wachache. Na tafiti za namna hii zinaonyesha mambo mawili yanatembea pamoja. Hazionyeshi nani kamshika mkono nani. Jambo la kutia moyo ni kwamba katika utafiti wa Marekani wa 2018, wagonjwa waliotibiwa kwa dawa za kuzuia TNF walipata Parkinson mara chache kuliko ambao hawakuzipata.

Dharura ni nyingine. Mchochota unaifanya damu igande kirahisi, hasa ugonjwa ukiwa umeamka, na mara chache bonge la damu linakaa kwenye mishipa ya kurudisha damu kutoka kwenye ubongo. Mwenye kolaitisi iliyoamka akipata maumivu ya kichwa mapya yanayozidi siku hadi siku, kuona ukungu, kutapika, degedege au udhaifu wa upande mmoja, aende hospitali siku hiyohiyo na aseme ana ugonjwa wa utumbo. Kwenye nchi ya malaria, maumivu ya kichwa hupewa dawa ya mseto na mtu akarudishwa nyumbani.

Matibabu ya kichwa

La kwanza ni kuuzima moto wenyewe. Wagonjwa wanaotulizwa na dawa za kuzuia TNF, ambazo kwa Crohn zilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 1998, mara nyingi hupata nafuu ya uchovu na ya moyo pia. Kabla ya kuzianza ni lazima kupima kifua kikuu kilicholala mwilini, maana zinakiamsha, na kwa mtu mwenye ugonjwa unaokula ala za neva hazifai kwa sababu zinaweza kuuchochea.

Lakini kumbuka wale ambao moto umezimika na bado hawako sawa. Tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuzikamata fikra zake na kuzibadilisha inawasaidia kwenye hofu na ubora wa maisha, ingawa haijaonyesha kwa uhakika kwamba inaushusha mchochota. Dawa za sonona zinafanya kazi kwao kama kwa wengine. Mazoezi ya wastani yanapunguza uchovu, jambo ambalo mgonjwa aliyechoka hataki kulisikia, na simlaumu.

Pa kuanzia ni maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya kufanya mambo? Umejisikia mnyonge au kukata tamaa? Jibu likiwa ndiyo, lipo dodoso la maswali tisa ambalo limeshatafsiriwa na kupimwa kwa Kiswahili, na nesi yeyote anaweza kulitumia. Swali lake la mwisho linauliza kuhusu kuwaza kufa au kujidhuru. Wahudumu wengi huliruka kwa kuona haya, na halifai kurukwa. Anayejibu ndiyo kwenye hilo asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya kuonana na mtu wa afya ya akili. Na wakati anamsubiri, damu ichukuliwe: wingi wa damu, chuma, B12, na kipimo cha mchochota.